Mabega Yamekuwa Mawe: Je, Kukandwa ni Tiba au ni Anasa?

Bibi mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mshonaji, mwenye kibanda cha cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na mama wa watoto watatu. Tangu mwezi wa Desemba, nilipochukua mkopo katika kikoba chetu ili ninunue cherehani cha pili, sijapata usingizi wa kueleweka. Januari nilielemewa na sare za shule. Zilipokwisha yakafuata madera na kanzu za Idd, na kila Jumamosi marejesho yananisubiri hata kama wateja hawajalipa. Mabega yangu yamekuwa magumu kama mawe, kisogo kinauma, na karibu kila usiku naamka saa tisa nikiwa nimekaza taya na moyo unakwenda mbio. Binti yangu anasema nasaga meno. Usiku pia kidole gumba cha mkono wa kulia na viwili vinavyokifuata hufa ganzi, mpaka niukung'ute mkono. Duka la dawa walinipima shinikizo la damu wakaniambia ni 148 kwa 92, na kwamba nipumzike.

Wifi yangu alinihurumia akanipeleka mahali fulani pa masaji mjini. Nililipa shilingi 40,000. Dada aliyenikanda alinigandamiza kwa kiwiko mpaka machozi yakanitoka, na nilipolalamika aliniambia nivumilie kwa sababu sumu ilikuwa inatoka. Nilitoka hapo nikarudi kibandani usiku ule ule kumalizia kanzu mbili za watu. Kwa siku tatu mgongo ulikuwa umevilia damu, na mabega hayakuwa na nafuu yoyote. Mume wangu alipojua alichukia sana. Anasema sehemu kama zile si za mwanamke anayejiheshimu na kwamba fedha ile nimeitupa baharini. Mavyaa wangu, mama wa Pangani, alicheka tu akasema angenichua yeye mwenyewe kwa mafuta ya nazi. Mimi naona haya: nitalalaje kifudifudi mbele ya mama mkwe wangu anisugue?

Naomba unieleze, je, kukandwa kunausaidia kweli mwili uliochoshwa na mawazo, au ni anasa ya wenye nafasi? Na kama kunasaidia, mbona mimi sikusaidika?

Mshonaji, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi ambayo wewe mwenyewe umeipita haraka: kwamba ulitoka kukandwa ukarudi kibandani usiku ule ule. Nitairudia, kwa sababu ndimo lilimo jibu la swali lako la mwisho.

Tuanze na hiyo saa tisa ya usiku. Binadamu ana neva zinazojiendesha bila kungoja amri yake, nazo zina pande mbili: upande mmoja huuamsha mwili kwa ajili ya hatari, na wa pili huutuliza ili usage chakula, ulale na ujikarabati. Ukikutana na nyoka shambani Muheza, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hukimbia, pumzi hupanda kifuani, na misuli ya shingo, mabega na taya hukaza tayari kwa kukimbia au kupigana. Kisha hufuata kotisoli, homoni inayohakikisha kwamba sukari ya kuendeshea mbio hizo inaendelea kupatikana katika damu. Nyoka akienda zake, kila kitu hurudi mahali pake. Mkopo hauendi zake. Unalala nao, unaamka nao, na mwili ambao haujui tofauti ya nyoka na daftari la kikoba hubaki umesimama mlangoni na rungu mkononi usiku kucha. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alieleza jinsi alivyowatesa panya kwa njia zisizofanana hata kidogo, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha, wengine kwa sumu au kazi ya kupita kiasi, akakuta miili yao yote imeitikia kwa namna moja: tezi za juu ya figo zimekua na utumbo umepata vidonda. Kwa hiyo usijione mdhaifu kwa kuwa deni limekushika bega. Bega ni mahali pake pa kawaida, hasa kwa mtu ambaye kazi yake ni kuinama juu ya sindano kutwa.

Sasa, mkono wa mkandaji unaingia wapi? Katika ngozi yenye vinyweleo tuna neva nyembamba ambazo huitikia hasa mguso mwepesi wenye joto la mwili wa mtu, unaokwenda polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na habari zake huzipeleka kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia zaidi kuliko zile za kutambua umeguswa wapi. Mtoto mchanga anayepapaswa mgongo akanyamaza anatumia neva hizo hizo. Mkono ukiingia ndani zaidi, msuli uliokaza hupata nafasi ya kulegea na kupashwa joto, na upande ule wa kutuliza hupata zamu yake: pumzi hushuka tumboni na moyo hupunguza mwendo.

Haya si maneno ya wauza mafuta peke yao. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2004, yaliyokusanya tafiti 37 kuhusu masaji, yaliona kwamba kikao kimoja hupunguza wasiwasi wa wakati ule na hushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kwamba vikao vikirudiwa kwa muda, huzuni na ile tabia ya kuishi na wasiwasi hupungua kwa kiwango kinachokaribiana na cha tiba ya mazungumzo. Lakini ndani ya mapitio hayo hayo mna mambo mawili ambayo matangazo hayayasemi. Kikao kimoja hakikuonekana kushusha kotisoli, ingawa wengi huapa kwamba hushuka. Na maumivu hayakupungua pale pale mezani. Nafuu ya maumivu ilionekana kwa waliokandwa mara kadhaa, tena ilipopimwa baadaye. Mkono hauponyi, mwanangu. Mkono huufungulia mwili mlango, na mwili wenyewe ndio unaofanya kazi ya kupona, katika saa na siku zinazofuata. Ukiufunga mlango ule kwa kurudi kwenye cherehani na taa kali mpaka usiku wa manane, umelipa shilingi 40,000 kwa ajili ya saa moja ya kulala kifudifudi.

Na saa hiyo yenyewe kwako ilikuwa ya mateso. Hilo la sumu nataka nilimalize, maana nalisikia kila mahali. Damu husafishwa na ini na figo, usiku na mchana, bila kungoja kiwiko cha mtu. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada waliwachosha vijana wanaume 11 kwa baiskeli, wakawakanda mguu mmoja kwa dakika 10 na mwingine wakauacha, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli na kuvichunguza. Asidi ya laktiki, ambayo wengi husema ndiyo inayokamuliwa, haikuwa imepungua. Kilichobadilika ni kwamba dalili za uvimbe wa ndani ya msuli zilikuwa chache zaidi katika mguu uliokandwa, na ishara za seli kujijenga upya zilikuwa zimeongezeka. Utafiti ule ulikuwa mdogo, lakini unaonyesha kwamba faida haiko kwenye kukamua. Mtu anayeumizwa hukaza mwili, huzuia pumzi, na neva zake humwambia kwamba nyoka amerudi. Mavilio uliyoyaona mgongoni ni mishipa midogo ya damu iliyopasuka, si sumu iliyotoka. Dada yule alikutendea kinyume cha ulichokwenda kukitafuta, ingawa naamini hakufanya kwa ubaya, kwani wapo wateja wengi wanaoona kwamba wasipoumia hawakukandwa.

Mimi nimelelewa hapa pwani, na kila nikisoma tafiti hizi nawakumbuka bibi zetu, ambao walikuwa na maneno matatu pale ambapo siku hizi tunasema masaji tu. Kuchua ni kusugua mahali panapouma kwa mafuta au dawa. Kukanda ni kuminya nyama za mwili kama unavyokanda unga, au kuzipasha moto kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji. Kusinga ni kumsugua mtu mwili mzima kwa singo au manukato mpaka ngozi ilainike. Lakini angalia ni nani aliyekuwa akifanyiwa hayo. Bi harusi alisingwa akiwa amewekwa ndani, hatumwi sokoni wala kisimani. Mzazi alikandwa katika siku zake 40, wakati wanawake wengine wa nyumba wamemshikia jiko, maji na watoto wakubwa. Watu wa pwani hawakuwahi kutenga mkono unaosugua na ruhusa ya kupumzika. Vilikuja pamoja, na nadhani ile ruhusa ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya dawa. (Maji yanayotokota anayomwagiwa mzazi siyatetei. Nimeona mapaja yaliyoungua na kidonda cha upasuaji kilichofumuka. Vuguvugu inatosha, na penye mshono hapaguswi.)

Kwa hiyo kwa swali la anasa nakujibu kwamba kukandwa kwa 40,000 kila wiki ni anasa kwa mtu mwenye marejesho ya Jumamosi, na sikushauri kabisa. Kukandwa na mavyaa wako si anasa.

Najua haya yako, na sitaki uyaone ni ujinga, kwa kuwa heshima ya mkwe ni jambo zito kwetu. Lakini mama huyo hakukuamuru. Amejitolea, tena kwa kicheko, na mtu mzima anayejitolea kukuchua amekuhesabu kuwa mwanawe. Si lazima ujifunue. Jifunge kanga kifuani, lala kifudifudi kwenye mkeka na mto mwembamba chini ya kifua, na kinachohitajika kuonekana ni mabega na sehemu ya juu ya mgongo tu. Ukishindwa kabisa, kaa kwenye kigoda umempa mgongo, huku umeegemeza paji la uso juu ya mikono mezani. Tena utaona kwamba mume wako, ambaye ana haki ya kuuliza mkewe anakandwa wapi na nani, hatakuwa na neno juu ya mikono ya mama yake mzazi. Na akipenda kujifunza ashike nafasi ya mama siku nyingine, usimkatalie.

Chagueni Jumamosi usiku, baada ya marejesho na baada ya sala ya Ishaa, na tangu hapo cherehani kifunikwe mpaka asubuhi. Kama bado una kanzu ya mtu, kukandwa kuwe siku nyingine. Mafuta ya nazi yapashwe kidogo kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto. Mama aanze kwa viganja vizima, bila kuminya, kutoka kisogoni kushuka mabegani mpaka kwenye viwiko, polepole mno. Kipande cha sentimita 30 kikichukua sekunde 10 ndiyo kasi yenyewe. Ngozi ikishapata joto ndipo aminye kwa vidole gumba ule msuli mnene ulioko kati ya shingo na bega, abaki juu ya fundo kwa pumzi tatu au nne, aachie, asogee. Mgongoni apite pembeni mwa uti, kulia na kushoto, asiukandamize uti wenyewe. Shingo isipindwe wala isialishwe, na sehemu ya mbele ya koo isiguswe. Kipimo cha nguvu ni pumzi yako: ukijikuta umeizuia, mkono umezidi, na umwambie mama bila kuona haya. Taya nazo asizisahau. Vidole viwili mbele ya sikio, mahali panapocheza ukitafuna, vizunguke taratibu. Nusu saa inatosha. Kisha ulale, hata kama vyombo havijaoshwa.

Kuna siku ambazo hata mavyaa asikuguse: ukiwa na homa, ukiwa na jipu au ugonjwa wa ngozi mahali hapo, au mguu mmoja ukivimba na kuuma na kupata joto, maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuuchua mguu wa namna hiyo kunaweza kulisukuma donge la damu mpaka kwenye mapafu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye saratani, amuulize daktari wake kwanza.

Kati ya Jumamosi na Jumamosi kuna usiku sita, na hapo mikono ya mtu mwingine haipo. Unapoamka saa tisa, usiwashe simu wala usihesabu deni. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu moja hadi nne, itoe polepole ukihesabu moja hadi sita. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya 12 na 20, na huko kuitoa pumzi kwa muda mrefu ndiko kunakoupunguzia moyo mwendo. Fanya hivyo kwa dakika tano. Ukiona mwili bado umekaza, tumia njia ya daktari Edmund Jacobson wa Chicago, ambaye karibu miaka 100 iliyopita aliona kwamba watu wenye wasiwasi hawajui kama misuli yao imekaza, na kwamba njia rahisi ya kuwafundisha kulegea ni kuwaambia wakaze zaidi kwanza. Kunja ngumi kwa sekunde tano, achia ghafla, ikae imelegea kwa nusu dakika; pandisha mabega mpaka masikioni, achia; kaza uso, achia; endelea hivyo mpaka nyayoni. Wengi hawafiki nyayoni.

Joto nalo ni ndugu wa mkono. Ukipata nafasi ya kwenda na wifi yako kwenye chemchemi za maji ya moto za Galanos, upande wa Amboni, nenda, ingawa harufu ya salfa si ya kila mtu. Usipopata, taulo iliyochovywa kwenye maji ya moto, ikakamuliwa na kuwekwa mabegani kwa dakika 15, hulegeza msuli vilevile.

Yapo mambo mawili katika barua yako ambayo siyakabidhi kwa mafuta ya nazi. La kwanza ni ganzi ya vidole. Gumba na viwili vinavyolifuata kufa ganzi usiku, na kupata nafuu ukikung'uta mkono, ni dalili inayojulikana sana ya neva kubanwa inapopita kwenye kifundo cha mkono, na huwapata watu wanaotumia mikono kwa kazi ya kurudiarudia, washonaji wakiwamo. Bega likikandwa mwaka mzima, neva hiyo haitafunguka. Nenda hospitali wakakupime, na kwa sasa usilale ukiwa umekunja kifundo. Wengine hufunga kibao laini usiku ili mkono ubaki umenyooka. Usichelewe, kwa sababu ikibanwa muda mrefu, msuli wa chini ya gumba hupungua nguvu, na mkasi utakushinda.

La pili ni hiyo 148 kwa 92. Kipimo kimoja cha duka la dawa, ulichopimwa pengine ukiwa umetoka kutembea juani, hakitoshi kukuita mgonjwa, lakini kimevuka 140 kwa 90, na siyo namba ya kuachwa. Kapimwe tena siku mbili tatu tofauti, ukiwa umekaa kimya kwa dakika tano, hujanywa kahawa, mkono umeegemea meza. Ikibaki juu, utibiwe. Kukandwa huishusha kwa muda, hakuchukui nafasi ya dawa.

Kuhusu kibanda, nitasema machache, kwa kuwa kazi yako unaijua kuliko mimi. Pandisha kiti mpaka viwiko viwe sawa na meza, sogeza taa karibu ili usiinamishe shingo kuifuata sindano, na kila nusu saa simama, hata kama ni kwa kwenda kupiga pasi. Kahawa iishie alasiri, maana hata zikipita saa tano hivi tangu uinywe, nusu ya kichangamsho chake bado huwa imo mwilini. Na mwenyekiti wa kikoba uongee naye kabla hujakosa rejesho, umwombe kipindi kirefu zaidi; anayesema mapema husikilizwa kuliko anayejificha, na sidhani kama utakuwa wa kwanza kuomba.

Jaribuni Jumamosi nne, wewe na mama, kisha niandikie. Ikiwa kufikia hapo usingizi haujarudi, au umeanza kukosa hamu hata ya mambo uliyokuwa ukiyapenda kwa zaidi ya wiki mbili, usingoje ya tano. Mwone daktari na umweleze kama ulivyonieleza mimi. Barua hiyo nataka inieleze pia hospitali wamesema nini kuhusu vidole. Na kabla mama hajaanza, mwombe avue pete.